Mfuo wa Maili Kumi na Moja

Bwalo la Maofisa,
Kambi ya Ndege, nje ya Baghdad,
Iraq.
14 Aprili 1932

Mpendwa Dada Hester,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye ngazi za zizi. Natumaini pia kwamba shemeji Duncan bado anabishana na kondoo wake, na kwamba kondoo bado wanashinda. Najua huko New Zealand mmeshaanza kuwasha moto sebuleni. Huku ndiyo kwanza jua linakunja mikono ya shati. Bado wiki tatu hivi, kisha hakuna atakayegusa bawa la ndege saa sita mchana bila kuacha ngozi yake hapo.

Mimi sijambo, kwa mtu wa miaka arobaini na tatu anayekula nyama ya kopo siku nne kwa wiki. Daktari wa kambi amenipima juzi, akasema macho yangu bado ni ya rubani ila tumbo langu ni la askofu. Zile nywele ulizokuwa ukinivuta utotoni zimeniaga zote, na tumeachana bila ugomvi.

Unaona? Nimeshajaza ukurasa kwa mzaha. Nimekaa mezani tangu nilipomaliza chai ya asubuhi, na nimechana karatasi nne zilizoanza hivihivi. Hii ya tano naiacha ilivyo, kwa sababu mfuko wa posta unafungwa saa kumi, na barua hii itakwenda kwa ndege hadi Karachi ndipo ipande meli. Nataka ikufikie kabla ya Alasdair, au angalau ikukute kabla mwanao hajafungua mizigo.

Najua ofisi ilikuandikia mwezi wa Januari. Najua barua zao zilivyo, maana nimewahi kuziandika mwenyewe. Walikuambia kwamba mwanao alipoteza njia jangwani, kwamba alifuata alama za magurudumu akidhani ndiyo njia ya ndege, kwamba fundi aliyekuwa naye, Fred Pegg, alifariki, na kwamba baraza la uchunguzi limeamua ni kosa la rubani. Baadaye Alasdair amekuandikia kwamba anaacha jeshi anarudi nyumbani, na sidhani kama alijaza hata ukurasa mmoja.

Dada, kosa si lake. Ni langu. Nalitanguliza hilo kabla ya maelezo, kwa sababu kila niliyemweleza hapa amenisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, na hakuna aliyeniamini.

Unakumbuka mwaka 1922 nilikuwa huku mara ya kwanza. Vita vilikuwa vimekwisha, nusu ya wenzangu wamekufa na nusu wanauza magari. Mimi nilibaki jeshini kwa sababu sikujua kazi nyingine, na sare ilikuwa bado inanienea. Ndege zilikuwa zimeanza kupeleka barua kati ya Cairo na Baghdad, na katikati ni jangwa tupu, mamia ya maili bila mto, mti wala nyumba ya kumwambia rubani alipo. Basi wakubwa wakaamua tulime mfuo. Mfuo wa kweli, wa trekta na plau, kutoka upande huu hadi upande ule, ili rubani akiwa juu aufuate kwa macho kama mtoto anavyofuata mstari kwa kidole.

Sehemu moja ya mfuo huo nilipewa mimi. Nilikuwa na magari mawili, lori, trekta, watu tisa, na Sajenti Orme, mtu mfupi wa Yorkshire aliyekuwa na akili kuliko sisi wote kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kutangulia na gari nikishika mwelekeo kwa dira, na trekta inifuate. Sasa dira haipendi chuma. Ukitaka kuisoma vizuri unashuka, unatembea hatua ishirini mbali na gari, unasoma, unarudi. Siku ya kwanza nilifanya hivyo. Siku ya pili joto lilinishinda, nikawa naisoma nimekaa, maana fundi alikuwa amenitengenezea jedwali la kusahihisha kosa linaloletwa na chuma cha gari. Siku ya tatu nikaona lori linavunja santuri zangu, nikahamisha gramafoni nikaiweka garini, kati ya miguu yangu. Ni ile gramafoni aliyoninunulia marehemu Baba, na nadhani springi yake ya chuma peke yake ilikuwa na uzito wa ratili tatu. Jedwali halikuwa na habari za gramafoni.

Tulilima maili kumi na moja tukipinda kuelekea kusini, mimi mbele nikipiga mluzi. Ndipo ndege ikaja juu yetu na kuangusha kifuko cha ujumbe chenye utepe mwekundu. Ndani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa: "Tujulisheni mkifika Makka."

Tulicheka sote. Kisha Sajenti Orme akaja kwenye dirisha la gari, na maneno yetu nayakumbuka yote, maana mwaka huu sijapata siku ya kuyasahau.

"Afande, tuufukie."

"Maili kumi na moja, Sajenti?"

"Angalau maili moja ya mwanzo. Mtu aliye juu hawezi kujua mfuo upi wa kweli na upi wa uongo."

"Maji yamebaki ya siku mbili. Weka mawe pale njia zinapoachana. Meupe, msalaba mkubwa. Hata kipofu atauona."

"Kipofu harushi ndege, afande."

"Basi tumepona."

Aliweka mawe. Wachungaji waliyachukua kabla mwaka haujaisha, nadhani kwa ajili ya mafiga, na sina lawama nao. Na katika kitabu cha safari sikuandika neno, kwa sababu ningeandika maili kumi na moja, ningeulizwa kwa nini, na jibu lilikuwa gramafoni.

Badala ya kuandika, nikasimulia. Na hapa ndipo naomba unisome polepole, Dada.

Unajua maisha ya bwalo la maofisa, nimekuchosha nayo miaka yote. Chakula kikishaondolewa mezani, mkubwa anaegemea kiti, anatafuta mtu wa kuchekesha. Mimi sikuwa rubani hodari kuliko wengine, wala sina ukoo wa kujivunia zaidi ya huu wetu wa wauza mbegu. Lakini nilikuwa na gramafoni. Nilipohamishiwa Cairo maili kumi na moja zikawa ishirini. Kule Lincolnshire, nilipokuwa nafundisha vijana kurusha ndege, zikawa thelathini. Peshawar nikamwongeza ngamia aliyekula santuri. Nilikaa miaka miwili kwenye meza ya ofisi London, na hata huko makatibu walikuwa wakija mlangoni: "Afande, mgeni huyu hajaisikia ile ya gramafoni." Nimepanda vyeo, sikufichi, nusu kwa kurusha ndege na nusu kwa hadithi hiyo. Wakubwa husahau aliyetua salama, ila aliyewachekesha humkumbuka.

Na siku zote ilikuwa na mwisho mmoja. Tuliufukia mfuo mzima kwa vijiko vya chai, siku tatu usiku na mchana, Sajenti Orme nyuma yetu akihesabu vijiko visipotee. Hapo ndipo watu walipokuwa wakishika mbavu. Sikuwahi kusema kwamba tuliuacha. Hadithi isingekuwa na mwisho.

Nilikuandikia wewe pia, ukawasomea mezani. Alasdair alikuwa na miaka kumi na minne. Aliniandikia kuuliza kama vijiko vilirudishwa jikoni, na mtu akitaka kujiunga nasi aanzie wapi. Barua hiyo ninayo. Nilimjibu kwa kurasa sita.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mahali mifuo miwili inapoachana, ardhi ya mfuo wa kweli ni mawe matupu, na kwa miaka tisa upepo umeufuta karibu wote. Wangu uko kwenye ardhi laini kidogo, umebaki wazi kama umelimwa jana. Siku ya hewa safi rubani anaona mbali, hadanganyiki. Siku ya vumbi anaona ule ulio wazi tu. Wawili watatu wamewahi kuniambia bwaloni kwamba walipotea pale dakika chache. Nikawatania kwamba wakanunue miwani.

Mwezi wa Novemba tarehe kumi na saba Alasdair alikuwa anarudi Baghdad na barua, Pegg nyuma yake, vumbi limetanda. Aliuona mfuo. Alikuwa amesikia habari za mfuo wa uongo tangu utotoni, tena kutoka kwa aliyeulima. Na alijua umefukiwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Basi akaufuata bila wasiwasi mpaka ulipokwisha, na ulipokwisha hakuwa na kitu chini yake. Alizunguka kuutafuta mpaka petroli ikaisha, akatua kwenye korongo la mawe, ndege ikapinduka. Yeye alivunjika mkono. Pegg alibanwa kifua. Walipatikana siku ya tatu, na Pegg alikuwa amekufa siku ya pili, alasiri. Mwanao alifuata kanuni: hakuiacha ndege, hakumwacha mwenzake, maji alimpa yeye.

Mimi wakati huo nilikuwa likizo Uingereza, nawinda kware na kuwachosha wenyeji wangu kwa hadithi. Niliporudi Januari baraza lilikuwa limeshakaa, limeandika, limefunga. Alasdair aliwaambia alifuata mfuo. Wakamfungulia ramani: hapana mfuo hapo. Wakamwambia ni alama za magari. Yeye mwenyewe akaanza kuamini ni alama za magari.

Nilimkuta hospitalini amekaa kitandani, mkono kwenye bandeji, anamenya chungwa kwa mkono mmoja, kazi ambayo hakutaka asaidiwe.

"Uliona mfuo," nikamwambia.

"Niliona nilichotaka kuona, Mjomba."

"Uliona mfuo. Ni wangu. Ule wa gramafoni."

"Ule mliufukia."

"Hatukuufukia."

Akaacha kumenya. Halafu akatabasamu, Hester, lile tabasamu analompa shangazi Philippa anapomletea soksi za sufu.

"Siku tatu, kwa vijiko," akasema. "Mara mia nimesikia. Hata Pegg aliijua kwa moyo, alikuwa akiwaigizia mafundi wenzake, sauti yako na yote."

"Vijiko nilivitia mimi kuchekesha watu."

"Mjomba, nakushukuru. Kweli nakushukuru. Lakini usinifanyie hivyo. Pegg aliniuliza mara mbili kama tuko sawa. Nikamwambia tuko sawa. Hukuwapo wewe hapo, nilikuwapo mimi."

Akanipa kipande cha chungwa. Nikakila, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nikaenda kwa mkuu wa kambi, Kanali Haddow. Si mtu mbaya, wala si mjinga, na tumefahamiana tangu Cairo.

"Kaa, Ambrose."

"Nitasimama, afande. Nina maelezo ya kuapa."

Nikamweleza, kuanzia dira mpaka mawe. Alisikiliza vizuri sana.

"Zilikuwa maili ngapi?"

"Kumi na moja."

"Krismasi ya mwaka juzi, mezani bwaloni, zilikuwa arobaini."

"Nilitia chumvi."

"Na ngamia?"

"Hapakuwa na ngamia."

"Maskini. Nilikuwa nampenda yule ngamia." Akawasha kiko. "Kitabu cha safari kinasema nini?"

"Hakisemi kitu. Sikuandika."

"Sajenti wako?"

"Orme alikufa kwa homa ya mapafu mwaka wa ishirini na saba."

"Dereva wa trekta?"

"Alihamia Canada. Nimemwandikia, bahasha imerudi."

"Kwa hiyo nikiliita baraza tena, nitawapelekea mjomba wa mshtakiwa, na hadithi ambayo kila mmoja wao ameshaicheka." Alisema kwa upole, angenitukana ingekuwa nafuu. "Una moyo mwema, Ambrose. Laiti ningekuwa na mjomba kama wewe."

Nikaomba ndege, nikaenda kuutafuta mfuo wangu mwenyewe. Niliruka chini kabisa, karibu niguse mawe. Dada, haupo. Malori yaliyokwenda kuichukua ndege ya Alasdair yalipita juu yake siku nane, kwenda na kurudi, yakikokota injini. Limebaki pito pana la magurudumu, kama baraza lilivyosema. Na pale njia zilipoachana pamesawazishwa safi. Nikamtafuta kijana aliyeongoza malori, Luteni Sallis.

"Nilipafukia mimi, afande. Nilihofia mtu asije akapotezwa na alama zetu."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Saa tatu, afande. Watu sita na sepetu."

Saa tatu. Nilimwomba arudie, akadhani namkemea.

"Chini ya alama za malori, uliona mfuo?"

"Palikuwa na vurugu, afande. Pengine ulikuwapo. Pengine ni tairi. Kuapa siwezi."

Ni kijana mkweli, na singependa aape asilolijua.

Niliandika maelezo kurasa tatu, nikayapeleka makao makuu. Yamerudi na mstari mmoja, kwamba hapana ushahidi mpya. Niliandika barua ya kujiuzulu. Haddow aliitia kwenye droo mbele yangu, akaniambia nirudi kwake joto likipungua. Kisha akanisomea taarifa yangu ya mwaka, jambo ambalo si desturi, akidhani atanifurahisha. Imeandikwa kwamba ofisa huyu ni mwaminifu kwa walio wake hata kwa gharama ya jina lake. Kuanzia Julai mosi napandishwa cheo. Ningekikosa mwaka huu ningestaafishwa, na nilikuwa nimeanza kujizoeza maisha ya kufuga nyuki. Nimekipata kwa sababu ya Alasdair, Hester.

Nilimwandikia pia mke wa Pegg, huko Grimsby, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinijibu kwa mwandiko ulionyooka kama wa mwalimu. Alisema ananishukuru kwa kutaka kulibeba, kwamba hamlaumu yule kijana, na kwamba Fred alikuwa akimwandikia hadithi zangu ili na yeye acheke. Ana binti wa miaka minne. Aliniomba, kama sioni taabu, nimwandikie ile ya gramafoni yote, kwa sababu Fred hakuwahi kumfikishia mwisho wake.

Sijamjibu.

Siku mbili kabla Alasdair hajaondoka vijana walimfanyia chakula cha mchana cha kumuaga. Walijitahidi. Kulikuwa na kuku wa mchuzi wa bizari na pudini nzito ambayo mpishi wetu anaipika jua liwe linawaka lisiwake. Lakini mazungumzo hayakunoga. Kila aliyetaka kusema kitu alikumbuka kwamba kinahusu kuruka. Alasdair alikuwa anazungusha uma. Kisha Sallis, maskini, akitaka kusaidia, akasema:

"Afande, tupe gramafoni."

Wakagonga meza. Nikasimama. Nikaona hapa ndipo mahali pake, mbele yao wote, na nitasema kweli na kweli tupu. Nikasema: ilikuwa maili kumi na moja. Hapakuwa na ngamia. Niliweka gramafoni kati ya miguu, dira ikapotoka kwa nyuzi nane, nami sikushuka garini kwa sababu ya uvivu. Sajenti alitaka tufukie, nikamkatalia. Hapakuwa na vijiko. Tuliweka mawe tukaondoka, na mwaka jana mtu alikufa.

Nilipofika kwenye ngamia walikuwa wameshaanza. Nilipotaja uvivu mmoja alikuwa amelaza kichwa mezani. Walidhani ni namna mpya ya kuisimulia, kwa uso mkavu, na nadhani nina uso wa kuchekesha nikiwa sina mzaha. Kwenye neno la mwisho kicheko kilikatika kidogo, wakatazamana, wakamtazama Alasdair.

Na Alasdair alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Hajacheka tangu Novemba, Hester. Nilikuwa na neno moja mdomoni, nilikuwa niseme "nawaapia," na nikajua nikilisema kicheko hicho kitakoma na sitakisikia tena.

Nikaketi.

Nimewaza tangu siku hiyo kama nilifanya vile kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Kila nikipima napata jibu lilelile, na si lile ninalolitaka.

Aliondoka kwa treni ya Basra siku mbili baadaye, asubuhi. Nilimbebea begi. Alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu hawalifanyi hata mazishini, akaniambia: "Umefanya yote, Mjomba. Hakuna mtu angejaribu zaidi." Ndivyo anavyoondoka na mzigo wangu mabegani, na ananishukuru kwa kujaribu kuupokea.

Atakaposhuka melini utamwona amekonda lakini si sana. Mkono umeunga vizuri. Usimuulize kama yuko sawa. Maneno hayo hawezi kuyajibu, anafungua kinywa na kukifunga. Muulize kama ana njaa. Shemeji Duncan ampe kazi ya mikono, asimpe gari kuendesha mpaka mwenyewe aombe. Amesema hatapanda ndege tena, na hilo alilisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa sukari.

Ninachokuomba ni uniamini, kisha umwambie. Wewe ulinijua kabla sijajifunza kuchekesha watu. Hapa hayuko anayenijua hivyo, nadhani hata mimi nimesahau. Lakini nikiwaza vizuri naona jinsi atakavyokusikiliza. Atakuona mama anayemwonea huruma, akiwa amepewa maneno na mjomba anayemwonea huruma. Atakupa lile tabasamu. Sijui utalipitaje. Nimekaa na swali hili miezi mitatu na sina hata kipande cha jibu, na ninakuletea wewe kwa sababu sina pa kulipeleka.

Nilitumaini kidogo barua yangu ya mwaka ule. Wewe hutupi kitu, najua unazo zote kwenye sanduku la bati. Nikasema, ina muhuri wa posta, imeandikwa wiki ileile, hiyo itakuwa shahidi. Kisha nikakumbuka nilichokuandikia. Vijiko viko ukurasa wa pili. Nilivibuni kwa ajili yako, Hester, ulikuwa mgonjwa baada ya kujifungua Morag nami nilitaka ucheke. Wengine wote walivipata baadaye.

Basi nakuandikia sasa kile ambacho kingekuwa kwenye kitabu cha safari. Juni 1922, siku ya tatu ya kulima. Mimi, Ambrose Tillyard, niliongoza trekta nje ya njia kwa maili kumi na moja kwa kutosoma dira ipasavyo. Mfuo huo haukufukiwa. Nilishauriwa na Sajenti Orme kuufukia, nikakataa. Alasdair Mackie aliufuata mwaka 1931 kama ambavyo rubani yeyote angefanya, na hakukosea.

Mwonyeshe hiyo. Ukurasa huu ukate, mpe peke yake, kurasa nyingine zote ubaki nazo.

Nisalimie shemeji Duncan, na Morag, ambaye sasa nadhani ananifika begani, na shangazi Philippa kama bado anasikia. Mungu awalinde nyote katika baridi inayokuja, ampe Alasdair usingizi, na akupe wewe maneno ambayo mimi sikuyapata.

Ukirudia kuisoma barua hii, ukakuta mahali umetabasamu, ujue hapo ndipo nilipokudanganya. Paruke.

Mimi mdogo wako akupendaye sana,

Ambrose